Kupunguza madhara ya dawa za kulevya katika Kanda ya Ziwa

Kupunguza madhara ni mkabala wa afya ya jamii na wa sera kuhusu dawa za kulevya. Lengo lake la kwanza ni kumkinga mtu anayetumia dawa hizo dhidi ya kifo, maradhi na kutengwa, awe ameacha kutumia au bado hajaacha. Hatua zake ni pamoja na kutoa sindano na mabomba safi, tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini, kupima na kutibu VVU, kifua kikuu na homa ya ini, na kuwaokoa watu waliozidisha dozi. Watetezi wake duniani huongeza dai la kisheria: mtu anayekutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe asipelekwe jela.

Nchini Tanzania mkabala huu uliingia kupitia mlango wa hospitali, si wa Bunge. Kliniki ya kwanza ya methadoni ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka 2018 huduma hiyo ilifika Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Sheria ya jinai iliyo kando ya kliniki hizo imebaki kali, na tangu mwaka 2015 imekazwa zaidi. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kuwa mgonjwa saa mbili asubuhi mbele ya dirisha la dawa, na mtuhumiwa saa nne akiwa kijiweni.

Maneno yanayotumika

Mitaani heroini huitwa unga. Kipimo kidogo cha kuuzia huitwa kete, mtumiaji huitwa teja (wengi: mateja), na mateso yanayompata anapokosa dawa huitwa arosto. Neno teja huhusishwa na "mteja", lakini limekuwa tusi: humtaja mtu kana kwamba hana jina lingine wala ukoo. Hati za serikali hutumia mraibu, na mashirika ya watumiaji wenyewe hupendelea "mtu anayetumia dawa za kulevya". Tofauti hii si ya adabu tu. Anayeitwa teja hadharani, na jirani au na mhudumu wa afya, hujifunza kutokwenda hospitali hata akiwa na jipu lililooza mahali pa sindano.

Nyumba ambamo waraibu hukaa pamoja kwa miezi kadhaa bila kutumia dawa yoyote huitwa rasmi nyumba za upataji nafuu. Nyingi huendeshwa na watu binafsi au vikundi, na mara nyingi familia hulipa ada. Zilianza kuenea hasa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 2000. Hazitumii methadoni, na ni njia nyingine ya kupona, wala si sehemu ya mkabala unaoelezwa hapa, ingawa watu wengi hupita katika zote mbili kwa nyakati tofauti.

Chimbuko katika pwani

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 na 1990. Ilitokana na afyuni iliyolimwa hasa Afghanistan, na kwa miaka mingi imekuwa ikisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, iliyo kati ya Iran na Pakistan, kuvuka Bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ilikuwa inapita tu kuelekea Ulaya na Afrika Kusini. Lakini mzigo unapopita mahali, sehemu yake hubaki hapo: wabebaji na wasaidizi hulipwa kwa unga, nao huuuza mitaani. Mwanzoni watu waliuvuta, mara nyingi ukichanganywa na bangi au tumbaku. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 kujidunga sindano kulianza kuenea Dar es Salaam na Zanzibar.

Hapo ndipo suala la dawa za kulevya lilipokutana na UKIMWI. Mwaka 2005 watafiti walieleza desturi iliyokutwa miongoni mwa wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono Dar es Salaam: mwanamke asiye na fedha ya kete alipewa na mwenzake damu iliyovutwa kwenye bomba mara tu baada ya kujidunga, naye akajidunga damu hiyo kwa kuamini kwamba ina unga wa kutosha kumwondolea arosto. Kitendo hicho kilikuwa cha huruma kati ya watu maskini, na ni vigumu kufikiria njia nyepesi zaidi ya kuambukizana VVU na homa ya ini. Tafiti zilizofanywa jijini humo katika miaka ya 2000 zilikuta maambukizi ya VVU miongoni mwa wanaojidunga yakifika takriban asilimia 40, na kwa wanawake zaidi ya nusu. Makadirio ya kitaifa ya mwaka 2014 yaliweka idadi ya watu wanaojidunga nchini kuwa takriban 30,000.

Takwimu za namna hiyo ndizo zilizoibadilisha serikali, kuliko hoja za haki za binadamu. Virusi havikai kwa mateja peke yao. Huenda kwa wenzi wao, wake zao na watoto wanaozaliwa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kwa fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR. Mauritius ilikuwa imetangulia mwaka 2006, lakini hiyo ni nchi ya kisiwa. Katika bara lenyewe kusini mwa Sahara, Muhimbili ilikuwa miongoni mwa kliniki za kwanza za umma za aina hiyo. Wakati huohuo shirika la madaktari wa Ufaransa, Médecins du Monde, lilianza kugawa sindano na mabomba safi katika wilaya ya Temeke. Watumiaji wenyewe pia walijipanga na kuunda mtandao wao wa kitaifa, unaojulikana kwa kifupi TaNPUD.

Baada ya Muhimbili zilifuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu mjini Zanzibar mwaka 2015, Mbeya mwaka 2017, na Mwanza na Dodoma mwaka 2018. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 watu zaidi ya 10,000 walikuwa katika tiba hiyo nchini.

Mwanza

Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini Tanzania, lenye wakazi wapatao milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022. Reli kutoka Tabora ilifika hapo mwaka 1928, na tangu wakati huo jiji limekuwa mahali ambapo mizigo ya pwani hukutana na meli za ziwani zinazokwenda Bukoba, visiwani na nchi jirani. Njia hizohizo zinazobeba saruji, mafuta na nguo hubeba pia unga. Kwa hiyo heroini ilifika Mwanza kama bidhaa nyingine yoyote ya Dar es Salaam, ikiwa imechelewa kidogo na imeongezeka bei.

Mkoa ulikuwa tayari na mzigo wake wa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 7.2 kwa watu wazima mkoani Mwanza, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban asilimia 5. Jamii za wavuvi kandokando ya ziwa zimejulikana kwa miaka mingi kuwa na maambukizi makubwa kuliko vijiji vya bara, kwa sababu ya fedha za mkononi zinazopatikana kila siku, kuhamahama, na mahusiano ya kimapenzi yanayofungamana na biashara ya samaki. Kujidunga kukiongezwa juu ya hayo, hatari huwa mara mbili.

Kliniki iliwekwa katika Hospitali ya Sekou Toure, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Guinea. Ipo katikati ya jiji, na wakazi wa mitaa mingi huweza kuifikia kwa daladala. Kuwa ndani ya hospitali ya kawaida kuna faida yake: anayefuata methadoni hukutana palepale na kipimo cha VVU, dawa za kufubaza virusi na matibabu ya kifua kikuu, wala hahitaji kueleza maisha yake upya katika kila ofisi.

Jinsi methadoni inavyofanya kazi

Heroini hufanya kazi kwa saa chache tu. Mtu aliyeizoea huanza kuona dalili za arosto baada ya saa 8 hadi 12 hivi: mafua, miayo, jasho, maumivu ya mifupa, kuhara, kutapika na wasiwasi mkubwa. Kwa hiyo siku yake yote hugawanyika katika vipindi vya kutafuta fedha ya kete inayofuata. Wizi mdogo, uuzaji wa vyuma chakavu na biashara ya ngono hutokana zaidi na saa hizi kuliko na tabia ya mtu.

Methadoni ni dawa ya kundi moja na heroini, lakini hunywewa kama maji, huingia mwilini polepole na hudumu kwa muda wa siku nzima au zaidi. Kwa kipimo kinachofaa humwondolea mtu arosto bila kumlewesha, na hupunguza raha ya heroini hata akiitumia juu yake. Mgonjwa huanza na kipimo kidogo kinachoongezwa kwa uangalifu katika wiki za kwanza, kwa kuwa methadoni ikizidi nayo huua. Kwa kawaida hunywa dozi yake mbele ya mhudumu kila siku, zikiwemo Jumapili na sikukuu, ili dawa isibebwe ikauzwe nje. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Faida yake ya kwanza ni muda. Anayeamka bila arosto anaweza kwenda kazini au kukaa na wanawe, na anaweza kukumbuka kumeza dawa za VVU. Wengine hubaki katika tiba kwa miaka, kama anavyobaki mgonjwa wa kisukari. Wengine hupunguza kipimo mpaka wanaacha kabisa. Wapo pia wanaoanguka na kurudi, na kliniki nzuri huwapokea bila matusi.

Wanawake ni wachache mno. Katika miaka ya mwanzo ya kliniki za Dar es Salaam hawakufika 1 kati ya 10 ya wagonjwa wote, ingawa wao ndio wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU. Sababu zinazotajwa ni aibu, kukosa wa kumwachia mtoto, kuzuiwa na mwanamume anayeishi naye, na kazi za usiku zinazowafanya walale muda kliniki inapokuwa wazi.

Umbali na maisha ya ziwa

Sharti la kunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu lilifaa Dar es Salaam, ambako kliniki ziko kadhaa. Kando ya ziwa sharti hilohilo hugeuka kuwa kizuizi kikubwa kuliko sheria.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa mwanga wa mwezi hutawanya samaki. Wavuvi wa sangara nao huhama na kambi zao kutoka mwalo mmoja hadi mwingine kufuata samaki. Kijana wa kisiwa cha Ukerewe anayetaka methadoni ya Sekou Toure angelazimika kuvuka kwa meli kutoka Nansio, safari ya takriban saa tatu kwenda tu, siku zote za mwaka. Wa Ukara, Kome au Maisome ana safari ndefu zaidi. Hakuna awezaye kufanya hivyo na kubaki na kazi. Kinachobaki ni kuhamia mjini, ambako ndiko kwenye vijiwe vya unga, au kuendelea kama alivyokuwa.

Upande wa magharibi mambo yamekuwa mepesi kidogo tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Wasafiri wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko hapo. Lakini nauli ya kila siku bado ni fedha nyingi kwa mtu asiye na kazi.

Nchi nyingine zimeshughulikia umbali kwa njia tatu: kuwapa wagonjwa waliotulia dozi za siku kadhaa kwenda nazo nyumbani, kutumia magari yanayopeleka dawa mitaani, na kufungua madirisha madogo ya kunywea dawa katika vituo vya afya vilivyo chini ya kliniki kubwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakubali dozi za nyumbani kwa mgonjwa aliyetulia. Kwa visiwa vya Ziwa Victoria, ambako zahanati zipo tayari na tayari hutoa dawa za VVU za miezi mingi kwa mara moja, njia ya tatu ndiyo inayoonekana kufaa zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake tu. Haimsaidii mtoto wa mtaani anayenusa gundi, wala mvutaji wa bangi, wala mlevi. Mialoni pombe imeharibu nyumba nyingi kuliko unga. Pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haikuhitaji kiwanda. Ramani ya kliniki hufuata heroini kwa sababu heroini ndiyo yenye sindano, na sindano ndiyo iliyoleta wafadhili wa UKIMWI.

Sheria

Sheria ya mwaka 1995 iliunda Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Mwaka 2015 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyounda Mamlaka yenye uwezo wa kukamata na kupeleleza. Ilirekebishwa na kukazwa mwaka 2017. Kusafirisha dawa za kulevya huadhibiwa kwa kifungo cha miaka 30 na, kwa kiasi kikubwa, kifungo cha maisha. "Kusafirisha" katika sheria hiyo kuna maana pana kuliko neno lenyewe: kununua, kutoa na kuhifadhi pia vimo. Kumiliki kiasi kidogo na kutumia ni makosa ya jinai yenye adhabu ndogo kuliko hizo, lakini bado ni makosa ya jinai.

Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza hadharani majina ya watu aliowatuhumu kwa dawa za kulevya, wakiwemo wasanii na wafanyabiashara, na kuwaita polisi. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alimteua Rogers Siang'a kuwa Kamishna Jenerali wa kwanza wa Mamlaka mpya. Tangu hapo ukamataji umekuwa mkubwa. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni moja iliyofanyika Dar es Salaam na Iringa.

Watetezi wa mageuzi kwa kawaida hawapingi ukamataji wa shehena kama hiyo. Wanachouliza ni nini kinachotokea kwa mtu mwenye kete moja. Akikamatwa, anakatishwa tiba. Akifungwa, kwa mfano katika Gereza Kuu la Butimba lililoko Mwanza, mwili wake husahau unga. Akitoka na kurudia kipimo chake cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani zinajulikana duniani kote kuwa ndizo za hatari kubwa zaidi. Dawa inayoweza kumwamsha mtu aliyezidisha dozi, nalokisoni, ni ya bei nafuu na haileweshi. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ipatikane hata kwa ndugu na marafiki wa watumiaji, kwa sababu wao ndio huwa karibu mtu anapoacha kupumua.

Mamlaka yenyewe si adui wa methadoni. Husimamia kliniki pamoja na Wizara ya Afya, na ripoti zake za kila mwaka huzitaja kwa fahari. Mgongano uko katika ngazi ya mtaa, ambako askari hana namna ya kutofautisha, au hana sababu ya kutaka kutofautisha, kati ya muuzaji na mgonjwa.

Nchi jirani za ziwa

Ziwa moja lina sheria tatu. Mfano ulio wazi ni mirungi. Kenya iliitambua kwa sheria mwaka 2016 kuwa zao linalostahili kuendelezwa, nayo huuzwa sokoni Kisumu mchana kweupe. Upande wa Tanzania ni dawa ya kulevya, na mtu anayeivusha kupitia Sirari hushtakiwa kwa sheria ileile ya heroini. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2015 iliiweka katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yote kwa sababu Bunge lilikuwa limeipitisha bila akidi. Bunge lilitunga nyingine muda si mrefu baadaye. Bangi nayo imekatazwa katika nchi zote tatu kwa matumizi ya kawaida, na bado mkoa wa Mara, hasa Tarime, umejulikana kwa kilimo chake kwa vizazi kadhaa. Mashamba hufyekwa na kuchomwa, kisha hupandwa tena.

Kuhusu heroini, Kenya ilianza kugawa sindano safi mwaka 2012, jambo lililopingwa na baadhi ya viongozi wa dini wa pwani, na methadoni ikaanza Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014. Kisumu, mji mkuu wa Kenya kwenye ziwa, nao ulikutwa na watu wanaojidunga, ingawa kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hilo ni tatizo la Mombasa na Malindi. Sheria ya Kenya ya 1994 inafanya kuwa na vifaa vya kutumia dawa kuwa kosa, kwa hiyo bomba alilopewa mtu na mradi unaokubaliwa na serikali lingeweza kuwa ushahidi dhidi yake. Uganda ilianza methadoni mwaka 2020 katika hospitali ya Butabika, Kampala, baada ya miaka mingi ya madai ya mtandao wa watumiaji na watetezi wa nchi hiyo.

Utetezi wa kimataifa

Sheria za nchi hizi zinatokana na mikataba mitatu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1961, 1971 na 1988. Mikataba hiyo inazitaka nchi kuzuia biashara ya dawa za kulevya, lakini inaruhusu pia tiba na malezi mahali pa adhabu kwa mtumiaji. Nafasi hiyo ndiyo inayotumiwa na watetezi.

Wa kwanza kudai walikuwa watumiaji wenyewe: mwaka 1984 chama chao mjini Amsterdam kilianza kubadilishana sindano zilizotumika kwa safi, kwa sababu ya homa ya ini, kabla ya UKIMWI kujulikana vizuri. Uswisi ilifuata njia ya tiba katika miaka ya 1990. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2001: kuwa na dawa isiyozidi matumizi ya siku 10 si jinai tena, mtu hupelekwa mbele ya jopo linaloweza kumshauri, kumpeleka kwenye tiba au kumtoza faini. Wauzaji bado hufungwa. Vifo na maambukizi mapya ya VVU kati ya wanaojidunga vilipungua sana, pia kwa sababu Ureno ilitumia fedha nyingi katika tiba. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: kufuta adhabu bila kuweka kliniki hakumponyi mtu. Mfano wa upande wa pili ni Ufilipino, ambako kuanzia mwaka 2016 maelfu ya watu, wengi wao maskini wa mijini, waliuawa katika kampeni ya serikali dhidi ya dawa za kulevya. Machi 2025 rais wa zamani Rodrigo Duterte alikamatwa na kupelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague.

Tangu mwaka 2013 mashirika ya nchi nyingi hufanya kampeni ya pamoja kila tarehe 26 Juni yenye kaulimbiu ya kuwasaidia watumiaji badala ya kuwaadhibu. Siku hiyo si ya bahati: ndiyo siku ya Umoja wa Mataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, ambayo serikali ya Tanzania pia huiadhimisha, na mwaka 2024 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika Mwanza. Mwaka 2018 wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa walikubaliana kuunga mkono kuondolewa kwa adhabu ya jinai kwa umiliki wa matumizi binafsi. Machi 2024 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja huo, mjini Vienna, ilipitisha kwa mara ya kwanza azimio lenye maneno "kupunguza madhara", kwa kura 38 dhidi ya 2 za Urusi na China. Kwa ukanda huu, mwaka 2023 iliundwa tume ya Afrika Mashariki na Kusini ya viongozi wastaafu kuhusu sera ya dawa za kulevya, chini ya uenyekiti wa Kgalema Motlanthe, rais wa zamani wa Afrika Kusini.

Hoja za wanaopinga

Pingamizi la kawaida nchini Tanzania ni kwamba methadoni ni kubadilisha kileo kimoja kwa kingine. Lina ukweli wa kikemia: mgonjwa bado anategemea dawa. Tofauti iko katika yasiyotokea tena, yaani sindano, arosto, wizi na polisi. Viongozi wengi wa dini, Waislamu na Wakristo, huona kwamba kugawa sindano ni kuhalalisha dhambi, ingawa baadhi yao wamebadili mawazo baada ya kuzika vijana wa misikiti na makanisa yao. Wazazi wana hofu tofauti: kwamba adhabu ikilegezwa watoto wataona dawa ni jambo dogo. Wengine, wakiwemo baadhi ya waraibu waliopona katika nyumba za upataji nafuu, husema kuacha kabisa ndiko kupona kwa kweli. Kwa waliofanikiwa njia hiyo ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi hurudia, na anayerudia baada ya miezi ya kutotumia huwa katika hatari ya kuzidisha dozi.

Fedha

Huduma nzima ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya fedha za nje, hasa PEPFAR na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Serikali hutoa majengo na watumishi wa hospitali. Waelimishaji rika wanaokwenda vijiweni kuwatafuta watu na kuwaleta kliniki hulipwa zaidi na miradi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ruhusa iliyotolewa baadaye kwa baadhi ya huduma za UKIMWI iligusa zaidi matibabu na kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kazi nyingi za kinga kwa makundi yaliyo hatarini, wakiwemo watu wanaojidunga, ziliachwa nje. Dawa inayonywewa kila siku haivumilii pengo la bajeti: mgonjwa akikosa methadoni siku mbili, arosto hurudi, na kete huwa karibu kuliko kliniki.